Hospitali Ilivyosogea Kiganjo

Jumanne asubuhi, saa tatu na robo, Nekesa alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto juu ya godoro sebuleni, anachambua managu. Ungo ulikuwa sakafuni, majani yakienda kwenye sufuria na vijiti kwenye karatasi ya mkate. Kuchambua mboga ukiwa umelala si kazi rahisi. Lakini daktari alikuwa amemkataza kuinama, kuinua ndoo, kufagia, kupanda ngazi na kulala na mumewe, na katika machache aliyobakiziwa, managu ndiyo yaliyokuwa na faida.

Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na tatu. Wiki mbili kabla ya hapo, katika Hospitali ya Nyota ya Asubuhi kule Ruiru, daktari alimpaka mafuta baridi tumboni, akatazama kioo cha mashine kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza. Kisha akaeleza. Kondo la nyuma, ambalo kwa wanawake wengi hukaa juu au kando, kwake lilikuwa limekaa chini kabisa na kuufunika mlango. Mtoto hakuwa na pa kupitia. Angetolewa kwa upasuaji wiki ya thelathini na saba, na kabla ya siku hiyo damu ingeweza kutoka wakati wowote, bila maumivu na bila hodi.

"Ukiona damu, hata kijiko kimoja, usingoje," daktari alisema. "Kuja hapa straight. Unaishi wapi?"

"Kiganjo."

"Kiganjo ya Thika?" Daktari aliweka kalamu chini. "Ni mbali."

Halafu akampa ushauri wa mwisho, kwamba asiwe na wasiwasi.

Kwenye benchi la nje Nekesa alikaa na mwanamke mmoja wa Theta aitwaye Syokau, ambaye kondo lake lilikuwa limekaa vivyo hivyo, ila mimba yake ilikuwa wiki tatu nyuma. Walibadilishana namba za simu. "Mimi niko hapa tu Theta," Syokau alisema. "Ni dakika ishirini na boda. Wewe ndiye nakuonea huruma, woi." Nekesa alimshukuru kwa huruma hiyo, akaenda nayo nyumbani, ikamkosesha usingizi.

Mumewe, Dalmas, alikuwa fundi wa kuchomelea milango. Alikuwa ametengeneza zaidi ya milango mia nne katika mitaa ya Kamenu na Kiganjo, na hakuna hata mmoja uliowahi kumshinda. Huu ulimshinda, na jambo hilo lilimkera. Namba ya ambulensi waliyopewa aliipiga ili kuijaribu, ikaita mpaka ikachoka. Basi akaazima pikipiki, akachukua gunia la mahindi lenye uzito wa Nekesa, akalifunga leso ya Nekesa ili lisiteleze, akaanza mazoezi. Kila siku alitoka kazini, akalipakia gunia kwa heshima, akalipeleka Ruiru na kulirudisha. Baada ya siku chache watu wa ploti walikuwa wanalisalimia. Mama Waceke, jirani wa nyumba namba tano, alikuwa akiliuliza kama limelala vizuri.

"Dakika hamsini na mbili," Dalmas alimwambia mkewe. "Na leo hakukuwa na jam."

Nekesa aligeukia ukuta. Dakika hamsini na mbili ni muda wa kupika githeri kwa jiko la gesi, na alijua damu haisubiri githeri. Aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kwamba mtoto angekufa ndani yake akiwa mzima kabisa, kwa kosa la kukosa mlango. Akalala pale akiiwaza ile barabara kipande kwa kipande, kuanzia geti la ploti mpaka geti la hospitali.

Jumatano Dalmas alirudi kutoka mazoezini akiwa ametumia dakika arobaini.

"Umekimbiza?" Nekesa aliuliza.

"Hapana. Hospitali nimeikuta Juja. Imesogea." Alinawa mikono, akauliza kama kuna chapati zilizobaki.

Ijumaa ilikuwa Witeithie, karibu zaidi. Hakuna aliyeiona ikitembea. Ilisogea mchana, watu wakiwa wanatazama mambo yao, na ilisogea yote: wodi, tangi la maji, mijakaranda miwili, choo cha nje, na mlinzi wake Muema juu ya kiti chake cha plastiki. Wagonjwa hawakulalamika ila mmoja, aliyesema chai yake ilimwagika. Wafanyakazi waliarifiwa kila asubuhi kwenye kikundi cha simu mahali pa kuripoti, na waliochelewa walikatwa kama kawaida.

Kwa nini isogee kwa Nekesa na si kwa mtu mwingine, hakuna aliyeuliza. Huenda alikuwa na kipaji. Lililokuwa wazi ni kwamba ilisogea kadiri alivyowaza. Alhamisi aliyowaza tangu chai ya asubuhi hadi taarifa za saa kumi, ilisogea kilomita nne. Jumapili akina mama wa kanisa walikuja na mandazi, wakaimba, wakakemea roho ya hofu kwa saa mbili, na Nekesa akacheka mpaka akashika tumbo. Hospitali haikuondoka Witeithie siku mbili nzima. Dalmas aliwashukuru sana akina mama hao, akawaomba wakija tena wakemee kitu kingine.

Basi mambo yakageuka. Watu waliozoea kumwambia "usijali" walianza kumwambia ajali zaidi. Mama Waceke alikuwa akichungulia dirishani saa nne na kumuuliza, "Umeanza?" Dalmas alirudi jioni, akamwekea mkono begani na kusema kwa upole, "Leo umewaza kidogo, mama. Imebaki tu hapo kwa wauza miche." Nekesa aliifanya kama kazi ya zamu. Asubuhi aliwaza damu. Saa sita alikula. Mchana aliwaza msongamano wa magari, mvua na mataa, na ikibaki nafasi aliwaza mama mkwe.

Jumatatu ya wiki iliyofuata hospitali ilikuwa imekaa kwenye shamba la nyasi za ng'ombe nyuma ya ploti, geti lake la buluu likitazamana na geti lao. Dalmas alilibeba gunia mgongoni akapima. Zilikuwa hatua kumi na tisa. Mama Waceke alianza kuuzia wageni wa wodini uji na njugu. Mzee Mwau, mwenye nyumba na mwenye shamba, hakusema lolote juu ya nyasi zake, ila kufikia saa nane alikuwa ameandika kwenye bati kwa rangi nyekundu kwamba ana vyumba vya kupanga karibu na hospitali.

Usiku huo Nekesa alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu siku ya yale mafuta baridi.

Kesho yake alivuka kwenda kliniki na kanga mabegani, kama mtu anayekwenda kuomba chumvi. Sista Trizah, aliyekuwa akisimamia wodi ya akina mama, alifungua kijitabu chake na kupitisha kidole.

"Nekesa. Wachangiaji wako wa damu wako wapi? Unahitaji watatu kabla ya operesheni."

"Si mko na friji ya damu, Sista? Imeandikwa pale mlangoni."

"Iko." Sista Trizah alikwenda akaifungua, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha mambo. Ilikuwa friji nzuri, nyeupe, yenye taa. Ndani mlikuwa na soda sita, nusu ya keki ya besdei na chakula cha mchana cha mtu wa maabara. "Friji iko. Damu huja na mwenyewe."

"Na yule asiye na watu?"

Sista Trizah alifunga mlango polepole ili soda zisitikisike. "Huyo tunamwombea," alisema, na hakusema kwa ubaya.

Nekesa alirudi hatua zake kumi na tisa, akalala kwa ubavu wa kushoto, akawaza damu kwa ustadi wote aliokuwa amejifunza. Aliwaza hadi jasho likamtoka. Hospitali, ambayo sasa haikuwa na pa kwenda, ilijivuta hatua mbili na kuangusha kamba ya nguo ya Mama Waceke. Dalmas alipochungulia kwenye friji jioni, soda zilikuwa sita zile zile. Nekesa akaelewa kwamba hofu inaweza kuvuta mawe na mabati, lakini damu haiko kwenye mawe.

Siku hiyo hiyo Syokau alipiga simu.

"Nekesa, niaje? Nasikia hospitali iko huko kwenu."

"Iko. Habari yako? Mtoto anacheza?"

"Anacheza. Huku Ruiru wameacha shimo tu. Mvua ilinyesha likajaa, sasa watu wanachota maji ya kuosha pikipiki." Syokau alishusha sauti. "Sasa mimi ndiye wa mbali. Sikuwa nimezoea kuwaza, ilikuwa hapa tu. Haki, huwezi kupunguza kidogo?"

Nekesa alihisi aibu ikimpanda shingoni. Alisema angejaribu, na alijaribu kweli. Alihesabu mabati ya dari, akasikiliza nyimbo redioni, akafuma kofia ya mtoto na kuifumua. Lakini mtu hawezi kuacha kuogopa kwa sababu ameombwa kwa adabu, na ndani ya saa moja alijikuta amerudi kwenye kazi yake. "Nikijifungua nitaiachilia," alimwandikia Syokau. Syokau alijibu kwa kidole gumba.

Kutafuta wachangiaji watatu katika ploti ya nyumba kumi na moja kulichukua siku nne. Dalmas alikuwa wa kwanza, hilo halikuwa na mjadala. Mama Waceke alikuwa wa pili. Aliuliza tu kama atapewa chai. Baada ya hapo wapangaji waligundua magonjwa ambayo walikuwa hawajawahi kuyataja. Mmoja alikuwa na safari. Mwingine alikuwa na damu nyepesi, na jirani yake nzito mno. Mzee Mwau alisema ana presha, akaliangalia lile bati lake kama ushahidi. Aliyebaki alikuwa Mzee Sifuna, mzee wa kanisa, mwanamume mpana mwenye sauti ya ngoma, ambaye aliogopa sindano kuliko Jehanamu.

"Damu yangu," Mzee Sifuna alieleza, "nimeiweka wakfu kwa Bwana."

"Ya Bwana ilishamwagika yote," Mama Waceke alimwambia. "Sasa toa yako."

Alikwenda. Alizimia kabla ya sindano, wakati anaulizwa jina la pili, wakamtoa damu akiwa bado kalala, ikawa nafuu kwa kila mtu. Zile pakiti tatu zilipelekwa mjini kupimwa. Zilirudi mbili, zikasukumwa kando ya keki. Ya tatu hakuna aliyejua ilikoishia, na Mzee Sifuna aliona kama ametukanwa yeye binafsi.

Wiki ya thelathini na sita, Alhamisi, saa kumi kasorobo jioni, Nekesa alikuwa anachambua managu. Alihisi joto miguuni. Alitazama, na leso ilikuwa nyekundu, na haikuwa kijiko.

"Dalmas," aliita. Hakupiga kelele. Alikuwa ameipiga kelele hiyo mara nyingi sana kichwani, ilikuwa imekwisha.

Dalmas aliingia, akaona, na mwili wake ukafanya lile ulilolifanyia mazoezi kwa wiki tatu. Alilikamata gunia la mahindi lenye leso, akalitupia begani, akatoka mbio. Alivuka hatua kumi na saba kwa hatua tisa, akampita Muema getini akipaza sauti "Mke wangu! Anavuja damu!", akalilaza gunia kwenye kitanda cha dharura. Muuguzi wa zamu, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, alifungua faili, akaandika jina la Nekesa na kulifunga gunia utepe wa mgonjwa. Ni alipotafuta mkono wa kupima presha ndipo wote wawili walipotulia kidogo.

Nekesa naye alikuwa ameletwa. Mama Waceke na Mzee Sifuna walimlaza juu ya mlango mpya ambao Dalmas alikuwa ameuegemeza ukutani kusubiri rangi, wakaubeba kichwani kama wanaohama. Getini Muema aliomba namba ya mgonjwa. Namba yake ilikuwa imechukuliwa na gunia, kwa hiyo akaandikwa Nekesa wa Pili, na akaingia.

Kwenye chumba cha upasuaji aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kwa mara ya kwanza woga wake haukusogeza kitu chochote. Taa zilikaa pale pale. Aliona pakiti ya kwanza ikining'inizwa, akahisi baridi ikimpanda mkononi, baridi ya friji, akajua ni Dalmas. Ilipokwisha, akatundikiwa ya pili. Daktari aliomba ya tatu. Sista Trizah alikwenda kwenye friji, akaifungua, akaifunga, akarudi mikono mitupu, akasimama karibu na kichwa cha Nekesa na kuanza kumwombea.

Damu ilikoma yenyewe dakika chache baadaye. Mtoto alikuwa wa kike, kilo mbili na robo, mwenye hasira. Walimwita Mitchell, kwa chaguo la Dalmas, ambaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyima kitu siku hiyo. Gunia liliruhusiwa kwenda nyumbani siku mbili kabla ya Nekesa, na kwenye kadi yake pameandikwa kwamba hali ni nzuri na lirudi baada ya wiki sita.

Siku ya tano Nekesa alitoka wodini, akalala kitandani kwake na mtoto kifuani. Alijitazama moyoni kama mtu anayepapasa jino lililokuwa likiuma. Hapakuwa na kitu. Aliamka kesho yake saa tatu asubuhi, na kupitia dirisha la jikoni aliona shamba la Mzee Mwau likiwa shimo la mstatili, lenye ufagio mmoja uliosahauliwa. Hospitali ilikuwa imeondoka. Mzee Mwau alikuwa amesimama kando ya shimo na bati lake mkononi, akifikiria neno la kufuta.

Baada ya siku tatu Nekesa alimpigia Syokau akiwa na furaha. "Imefika?"

"Imesimama Juja, leo siku ya tatu," Syokau alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala ubavu. "Nilianza kuiwaza kama wewe, tangu uzae. Ilikuwa inakuja vizuri. Halafu Sista akaniambia kuna msichana huko Ruiru, karibu na shimo, naye mlango wake umefunikwa, naye anawaza. Inaenda hatua moja kwake, hatua moja kwangu. Inazunguka tu."

"Na damu?"

"Nina wawili. Ndugu yangu na mtu wa choir. Nilienda nikaangalia friji." Syokau alicheka kidogo. "Kuna soda. Na keki ingine."

Nekesa hakucheka.

"Nisaidie kuwaza," Syokau alisema. "Wewe umezoea. Tukiwa wawili itakuja."

"Sawa," Nekesa alisema. Alimlaza Mitchell, akajilaza kwa ubavu wa kushoto, akafumba macho, akaanza barabara kipande kwa kipande kuelekea Theta. Kipaji kilikuwa bado kipo. Alihisi kitu kizito huko Juja kikitikisika na kuanza kumtii. Ndipo akamfikiria yule wa Ruiru, ambaye hakumjua hata jina, ambaye pengine alikuwa amelala ubavu huo huo saa hiyo hiyo akivuta. Akafumbua macho. Akalia kidogo, kwa sababu alikuwa mzazi wa juzi na kidonda kilimuuma, na kwa sababu hospitali ilikuwa moja.

Kisha akaamka, akamwita Mama Waceke amfunge mtoto mgongoni, akatoka uani na jani la managu limemganda kwenye kanga. Dalmas alikuwa na kadi iliyosema asitoe damu tena mpaka miezi mitatu iishe. Mama Waceke alikuwa na kadi kama hiyo, yake ya miezi minne. Mzee Sifuna, ambaye sasa aliwahadithia watu wote kanisani jinsi alivyotoa, alikunja shati papo hapo na kuudhika alipokumbushwa kwamba miezi yake haijaisha. Zilibaki nyumba nane. Nekesa alianza na ya Mzee Mwau, iliyokuwa na mlango wa chuma wa rangi ya kijani, kazi ya Dalmas, imara sana. Ndani redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

Alibisha.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mzee. Nekesa wa namba nne. Nimekuja kwa ile maneno ya damu. Si yangu, yangu iliisha. Kuna mtu Theta, na kuna mwingine Ruiru."

Ndani, redio ikazimwa. Kiti kikalia mara moja, kisha kikanyamaza kama kiti kisichokaliwa na mtu.

Nekesa akamrekebisha mtoto mgongoni, akabisha tena.